Ile 2xh unayoisahau ndiyo kalkulasi yenyewe

Kila mwaka nikisahihisha testi ya kwanza ya kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko, kuna mstari mmoja ninaokutana nao mara nyingi kuliko mwengine wowote: (x + h)² = x² + h². Aliyeuandika si mvivu. Mara nyingi kahudhuria vipindi vyote, kanuni ya limiti (ile thamani inayokaribiwa h ikizidi kuwa ndogo) kaiandika sawasawa, hata alama ya mshale wa h kwenda sifuri hakuisahau. Alipofika kufungua mabano mkono ukateleza, na swali zima likaenda naye.

Nasomesha hesabu za mwaka wa kwanza hapa Unguja, lakini mimi ni mtu wa Pemba, na wengi wanaonipigia simu kila likizo kuniuliza "Maalim, nijiandae vipi na kalkulasi?" ni vijana wa huko nyumbani waliokwishamaliza kidato cha sita. Nimeona niliandike jibu langu mara moja, kwa urefu.

Tuanze na huo mstari. Tunachotafuta ni x² inabadilika kwa kasi gani x ikiongezwa kidogo, na hicho kidogo ndicho h. Ukiamini kuwa (x + h)² ni x² + h², ukatoa x², ukagawa kwa h, utabaki na h peke yake. Ipeleke h kwenye sifuri, unapata sifuri. Yaani umeniandikia kuwa x² haibadiliki kamwe, uiongeze x uipunguze. Kilichopotea hapo ni kile kipande cha katikati, 2xh, maana (x + h)² ni x² + 2xh + h². Ukigawa 2xh kwa h unapata 2x, na 2x ndiyo derivativi ya x², yaani kasi yake ya kubadilika. Mwanafunzi hakukosea jambo dogo la pembeni. Kakitupa kile kile alichotumwa kukitafuta.

Sasa chukua jamvi la kuanikia karafuu, la mraba, kila upande mita 4. Eneo lake ni mita za mraba 16. Mshonaji anataka kulikuza kwa sentimita 10, upande wa kulia na upande wa chini, libaki mraba. Atashona ukili mmoja (ukanda wa miaa iliyosukwa) kuliani, wa mita 4 kwa 0.1, na mwengine kama huo chini. Itabaki kona ndogo tupu, naye ataiziba kwa kipande cha 0.1 kwa 0.1. Kili mbili zimeongeza 0.4 na 0.4, jumla 0.8. Kile kipande cha kona kimeongeza 0.01 tu. Hesabu kwa njia ya kawaida: 4.1 mara 4.1 ni 16.81. Imekubali.

Gawa ongezeko hilo, 0.81, kwa 0.1: unapata 8.1. Rudia kwa kukuza sentimita moja tu: eneo ni 16.0801, ongezeko 0.0801, ukigawa kwa 0.01 unapata 8.01. Kwa milimita moja ni 8.001. Unaiona inakoelekea? Inaelekea 8, nayo ni mara mbili ya 4. Kona inayeyuka, kili mbili zinabaki. Aliyelishika jamvi hili akilini hatoisahau 2xh, kwa sababu kuisahau ni sawa na kudai umekuza jamvi kwa kushona kona bila kushona pembeni.

Ndiyo maana jibu langu kwa wanaonipigia simu huwa moja: usikimbilie kufungua daftari la kalkulasi la kaka yako. Mtihani wa kidato cha sita unakwisha Mei, vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba. Miezi hiyo ipe aljebra. Aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) anadhani haimhusu, na aliyesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) akafanya BAM, ile hesabu ya msingi, anadhani kachelewa. Wote wawili nawakuta wanaanguka kwenye shimo moja.

Jipime leo. Karatasi na kalamu, kalkuleta iweke mbali. Fungua (x + h)³ mpaka upate vipande vinne. Toa 1/x kutoka kwenye 1/(x + h), ufupishe mpaka usiweze kufupisha tena. Jibu lako liwe −h juu, x(x + h) chini. Andika kipeuo cha pili cha x kwa njia ya kipeo. Tafuta vigawo vya x² − 5x + 6. Ukikwama kwenye lolote, au ukilipata baada ya dakika kumi za kubahatisha, hapo ndipo pa kuanzia, wala si aibu. Kwenye semista maswali haya hutoulizwa yenyewe. Yatakuja katikati ya swali jengine, na mwalimu atayapita kwa mstari mmoja akiamini unayajua.

Sehemu ndizo zinazoua wengi. Mtu anaona (x + 3)/3, anakata 3 ya juu na 3 ya chini, anaandika x. Jaribu kwa namba: x ikiwa 6, juu ni 9, chini 3, jibu 3, yeye kaandika 6. Kinachokatwa ni kinachozidisha kote juu, kinachojumlishwa hakikatwi. Nimeliandika hili kwa wino mwekundu mara nyingi mno. Kila unapotaka kukata, weka namba kichwani kwanza. Sekunde tano zinakuokoa.

Neno lenyewe aljebra limetoka kwenye Kiarabu, al-jabr, alilolitumia al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9, na katika lugha hiyo jabr ni pia kuunga mfupa uliovunjika. Napenda kuwaeleza wanafunzi hivyo, maana kazi ya miezi hiyo ndiyo hiyo hasa: kuunga kilichovunjika tangu kidato cha pili.

Baada ya aljebra, na hapa ndipo mtu wa visiwani anapoanza mbele ya wenziwe, jizoeze kuona kasi ya mabadiliko. Mtoto wa Kojani au Tumbe anajua bila kufundishwa kuwa maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Yakishajaa kabisa hutulia, halafu huanza kutoka polepole, katikati yanakimbia, na karibu na mwisho yanapoa tena. Wanaolima mwani wanalijua hilo kwa miguu yao, maana muda wa kufanya kazi shambani ni ule ambao maji yametoka na bado hayajaanza kurudi kwa kasi.

Tuseme siku ya bamvua tofauti ya maji makuu na maji kupwa ni mita 4, na kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa sita. (Kwa kweli ni saa sita na dakika chache, lakini sita inatutosha.) Kina kitafuata 2 + 2cos(πt/6), t ikiwa saa tangu maji yalipojaa. Hesabu na utaona: saa ya kwanza maji yanashuka kiasi cha mita 0.27. Saa ya pili, 0.73. Ya tatu, mita 1 kamili, na ya nne vilevile. Ya tano yanarudi kwenye 0.73 na ya sita 0.27. Mvuvi anayaita haya maji kukimbia na maji kupoa. Sisi tunaiita derivativi. Kasi kubwa kabisa inakuja katikati, saa ya tatu inapokwisha, kama mita 1.05 kwa saa. Maji yakiwa juu kabisa au chini kabisa, kasi yake kwa dakika hiyo ni sifuri. Utakapofundishwa kutafuta kilele na bonde la fanksheni (kanuni inayotoa namba moja kwa kila x) kwa kuiweka derivativi iwe sifuri, unafundishwa kuwa maji yakifika mwisho wake husimama.

Sasa zijumlishe zile namba sita: 0.27, 0.73, 1, 1, 0.73, 0.27. Zinatimia 4. Ukikusanya mashuko ya kila saa unarudishiwa tofauti nzima ya kina. Hiyo ndiyo intigrali, na huo uhusiano wa kukusanya na kubadilika ndio Newton, Mwingereza, na Leibniz, Mjerumani, walioutambua, kila mmoja kwa njia yake, katika karne ya 17. Alama ya dy/dx utakayoiandika mwaka mzima ni ya Leibniz. Semista nzima imo ndani ya maji ya bamvua moja. Kinachobaki ni ufundi wa mkono.

Kuhusu ufundi huo kuna mtego mmoja lazima niuseme, kwa sababu mimi mwenyewe ulinigharimu swali zima mwaka wangu wa kwanza. Kalkuleta yako ina nyuzi na ina radiani, vipimo viwili tofauti vya pembe. Skuli tumezoea nyuzi. Kwenye kalkulasi ya sin na cos, radiani ni lazima. Bonyeza sin ya 0.01, gawa kwa 0.01. Ikiwa iko kwenye radiani utapata 0.99998, karibu na 1 kama kitabu kinavyosema. Ikiwa kwenye nyuzi utapata 0.01745, nayo ni π/180. Hiyo namba ndogo itakuwa inaingia kimyakimya kwenye kila derivativi yako, na hatua zote zikiwa sahihi utapata jibu la ajabu. Mimi nilikaa na jibu la ajabu saa nzima nikizikagua hatua zangu, na hatua hazikuwa na kosa. Kabla ya mtihani wowote, fanya jaribio hilo la 0.01.

Sasa namna ya kusoma. Wengi wetu tumepitia chuoni, kwenye Kurani, na tunajua kudurusu ni nini. Mwanafunzi hakai mbele ya mwalimu akiangalia mwalimu anavyosoma, kisha akasema amehifadhi. Msahafu unafungwa, anasoma yeye, na akikosea anarudishwa pale pale. Lakini tukifika kwenye hesabu tunafanya kinyume. Tunaangalia video, tunafuatilia mfano ubaoni, tunatikisa kichwa, tunaamini tumeelewa. Kwenye magurupu ya WhatsApp mtu mmoja anapiga picha ya majibu, arubaini wanayanakili. Na sasa kuna programu za simu: unalipiga picha swali, linatatuliwa hatua kwa hatua. Sizikatazi, zinafaa kukagua. Ila mkono wako haujadurusu chochote.

Fanya hivi: siku ile ile ya kipindi, jioni, chukua mfano uliofanywa ubaoni, usome mara moja, funga daftari, uufanye upya kwenye karatasi tupu. Ukikwama, fungua uangalie mstari mmoja tu, ufunge tena. Mpe mwenzako naye akusikilize ukieleza kwa nini umefanya kila hatua, na akurudishe ukiteleza. Saa moja ya namna hii kila siku inashinda Jumapili nzima ya kusoma kwa kujilaza. Kanuni ya mnyororo, ile ya kutafuta derivativi ya fanksheni iliyomo ndani ya nyengine, hainasi kwa mtu yeyote kwa kuangaliwa. Inataka maswali thelathini au arubaini ya mkono, labda zaidi.

La mwisho ni lugha, na hili linaniuma kwa sababu naona akili nzuri zinapotea hapo. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayejua kuitafuta derivativi ya chochote anakwama kwenye swali la maneno. Kabla ya kuandika kanuni yoyote, liandike swali kwa Kiswahili chako pembeni: nini kinabadilika, nini kimesimama, nimeulizwa nini. Mfano, tangi la maji la juu ya nyumba, la duara kama pipa, nusu kipenyo mita 0.5, maji yanaingia mita za ujazo 0.02 kwa dakika. Kina kinapanda kwa kasi gani? Kinachobadilika ni ujazo na kina. Kilichosimama ni nusu kipenyo. Ujazo ni π mara 0.25 mara kina, kwa hiyo kasi ya kina ni 0.02 ugawe kwa 0.785, takriban mita 0.025, yaani sentimita mbili na nusu kwa dakika. Aliyeandika mistari ile mitatu ya Kiswahili hupata alama hata akikosea kugawa, kwa sababu njia yake inaonekana.

Wanaosahihisha tunasoma njia. Andika kila hatua kwenye mstari wake, usirukie jibu. Na ukikwama wiki ya pili, njoo ofisini wiki ya pili. Wengi wanakuja ya kumi na mbili, karatasi imejaa mikato, na tunalazimika kuanza na (x + h)².