Choo si kaburi la dawa

Kigoma, kama kwingine, wengi wamezoea kutumbukiza vidonge vilivyobaki chooni wakiamini vimekwisha. Havijaisha. Shimo la choo kwa kawaida halina sakafu ya zege chini. Maji yake hunywea ardhini, na dawa iliyoyeyuka huyafuata hadi kwenye maji ya kisima. Viuavijasumu vikikaa kidogokidogo ndani ya kinyesi huwapa vimelea nafasi ya kuzizoea dawa. Na ziwa letu si mto: Tanganyika hutoa maji kwa njia moja tu, mto Lukuga upande wa Kongo, hivyo kinachoingia hukaa sana.

Kuchoma uani nako hakusaidii. Tanuri la hospitali hufika nyuzi joto 850 za Selsiasi na zaidi. Moto wa takataka haufiki huko, na kopo la dawa ya pumu hulipuka.

Kwanza uliza zahanati au duka la dawa kama wanapokea. Wakikataa, toa vidonge kwenye pakiti bila kuvisaga (vumbi lake utalivuta wewe), vichanganye na udongo wenye unyevu au masalia ya kahawa, funga ndani ya mfuko, kisha tia kwenye taka zinazozolewa. Futa jina la mgonjwa kwenye bahasha. Morfini, dawa kali ya maumivu, irudi hospitali ilikotoka.

Sindano za insulini (dawa ya kisukari) hujeruhi wazoa taka. Usirudishie kifuniko, maana hapo ndipo watu hujichoma. Ziingize moja kwa moja kwenye chupa ngumu ya dawa ya madoa. Ikifika robo tatu, ifunge kwa utepe wa gundi na uipeleke kituo cha afya. Chupa ya maji ya kunywa ni laini mno, sindano huitoboa.