"Sikupata cha kupiga": dhana potofu kuhusu mada za mwezi

Naratibu shindano la mada la kila mwezi katika klabu ya wapigapicha. Iwe mada ni "kivuli", "mstari" au "mwendo", tarehe ya mwisho ikikaribia naletewa sababu ile ile: "Mwezi huu sikupata cha kupiga, sikusafiri." Nimeisikia mno. Nitaijibu kwa urefu, dhana zilizobaki nizipitie haraka.

Dhana: mada nzuri hutaka safari.

Mada hukutaka uchunguze mwanga na umbo, na vyote viwili vimo katika chumba chochote chenye dirisha. Mwaka 1930 Mmarekani Edward Weston alichukua pilipili hoho akaiweka kwenye mdomo wa faneli ya bati. Bati likaurudisha mwanga kwenye mikunjo yake kutoka pande zote, naye akaiacha lenzi wazi kwa dakika kadhaa. Picha hiyo huitwa Pilipili Namba 30, na ni miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi duniani. Itazameni hiyo namba. Kabla yake alishapiga pilipili nyingine nyingi. Wanaoniambia hawakupata cha kupiga, wengi hupiga mara mbili tatu wakaweka kamera chini.

Tuchukue "kivuli". Weka glasi ya maji mezani, karibu na dirisha linaloingiza jua, na uzime taa zote za ndani. Asubuhi, jua likiwa chini, kivuli hulala kirefu mezani na katikati yake huonekana michirizi angavu, kwa kuwa maji yameupinda mwanga. Kadiri jua linavyopanda, kivuli hufupika. Shusha pazia jepesi: chanzo cha mwanga kimepanuka, kwa hiyo kingo za kivuli zinalainika. Usiku washa taa moja tu ya mezani yenye balbu ndogo. Ukiisogeza hadi mara mbili ya umbali wa mwanzo, mwanga unaoifikia glasi hushuka hadi robo hivi, na kingo za kivuli huwa kali zaidi. Pima mwanga kwenye ile michirizi, usije ukaiunguza, yaani ikatoka nyeupe tupu. Hapo umepata picha nyingi zisizofanana, na mlangoni hujatoka.

"Mwendo" je? Fungua bomba. Kwa shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, ya sekunde 1/1000 matone yanaganda hewani. Kwa 1/15 maji yanakuwa utepe, mradi kamera imetulia kwenye stendi. Ushauri ninaoung'ang'ania kila mwezi ni huu: kitu kimoja, lenzi moja, hadi siku ya kukusanya picha. Atakayeufuata atachoka na pembe za kwanza zinazomjia kila mtu, na akishachoka nazo ndipo ataanza kuona.

Dhana: simu haishindi kamera kubwa.

Faili la megapikseli 12, yaani pikseli 4000 kwa 3000, linachapika kwa nukta 300 kwa inchi hadi karibu sentimita 34 kwa 25. Ukubwa huo unatosha kabisa kutundikwa ukutani. Penye giza simu hulemewa kwa sababu sensa yake, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo, basi isogeze penye mwanga.

Dhana: picha ya zamani inayoendana na mada inatosha.

Haitoshi. Zoezi ni la mwezi huu, na faili lenyewe hubeba tarehe. Tafadhali msinilazimishe kuikagua.

Dhana: kuhariri ni udanganyifu.

Faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, lazima lisafishwe ndipo liwe picha. Kurekebisha mwanga na rangi, na kukata pembezoni mwa picha, ni kazi ya kawaida. Kubandika anga la picha nyingine ni jambo tofauti, na hapo soma kanuni za shindano kabla ya kutuma.

Dhana: alama za chini maana yake picha ni mbaya.

Jaji hupima picha pamoja na mada. Machweo mazuri yasiyo na kivuli cha maana yataanguka kwenye mada ya "kivuli", na yana haki ya kuanguka. Yahifadhini, myalete mwezi wa mada huria.