Shilingi ya Bustani na Mshahara wa Muuguzi

Katika utafiti wangu wa historia ya uuguzi, nimejikuta nikifuatilia zaidi swali la nani alimlipa muuguzi aliyekwenda kumhudumia maskini nyumbani kwake. Huko Liverpool mwaka 1859, mlipaji alikuwa mtu mmoja tu, mfanyabiashara William Rathbone, ambaye baada ya kufiwa na mkewe alimwajiri Mary Robinson, muuguzi aliyemuuguza marehemu, awatembelee wagonjwa maskini kwa miezi mitatu. Kabla ya muda huo kwisha, Robinson alirudi akiomba aachishwe kazi kwa sababu ya dhiki aliyoishuhudia. Rathbone akambembeleza, naye akaendelea.

Mfuko wa tajiri mmoja hautoshi nchi nzima. Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya kutawala, mwaka 1887, wanawake wa Uingereza walichangishana zawadi, na pauni 70,000 za mchango huo zikaanzisha taasisi ya kuwafunza wauguzi wa majumbani, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1889.

Hatua inayonivutia zaidi ni ya mwaka 1927. Elsie Wagg, mjumbe wa baraza la taasisi hiyo, alipendekeza kwamba, ili kuchangia kazi ya wauguzi hao, wenye bustani nzuri wazifungue kwa umma kwa kiingilio cha shilingi moja kwa kila mtu (shilingi hiyohiyo ya Kiingereza ndiyo iliyoipa fedha yetu jina). Bustani 609 zilifunguliwa mwaka huo, ikiwemo ya mfalme kule Sandringham, zikakusanya zaidi ya pauni 8,000. Werevu wa mpango huu, kwa maoni yangu, ni kwamba mgeni hakuombwa kumhurumia mgonjwa yeyote: alilipia haki ya kutembea katikati ya maua ambayo kwa kawaida aliyaona kwa mbali, mwenye bustani akapata fahari yake, na gharama ilikuwa ndogo, kwani bustani ilikuwapo tayari.

Mwaka 1948 huduma ya afya ya taifa ilichukua jukumu la wauguzi hao. Bustani, hata hivyo, hazikufungwa. Fedha zake ziliendelea kuwasaidia wauguzi waliostaafu na wenye shida, huku sehemu nyingine ikipewa shirika la National Trust ili kutunza bustani za kihistoria, uamuzi ambao mimi nauona kuwa uliipinda kidogo nia ya Wagg.