Misheni ya Bagamoyo: mimi huanzia nyumba ya masista

Karibu kila mgeni ninayempokea stendi ananiuliza swali lile lile kabla hatujapanda bajaji: "Alipolazwa Livingstone ni wapi?" Namjibu kwamba tutafika. Mnara wa kanisa la kwanza bado umesimama, na ni kweli mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Skotilandi, uliletwa hapo Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba miezi mingi kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Lakini haukukaa. Ulivushwa Unguja, ukaenda kuzikwa London. Waliokaa hapa miaka na miaka ni wengine, na hao ndio ninaoanza nao.

Jengo la makumbusho ya leo lilikuwa nyumba ya masista, lililojengwa mwaka 1876. Wageni wengi hupita vyumbani wakitazama pingu na picha za zamani bila kujua wako ndani ya nyumba ya nani. Masista wale waliitwa Mabinti wa Maria, wametoka kisiwa cha Réunion. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1849, miezi michache tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo Desemba 1848, na tangu mwanzo lilipokea wanawake weupe na weusi pamoja, hata waliowahi kuwa watumwa. Walifika Unguja mwaka 1860. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa mwaka 1868, masista nao wakavuka bahari.

Simama kwenye baraza ya nyumba ile ulifikirie hilo. Mtoto wa kike amekombolewa kwenye soko la watumwa Unguja, ameletwa huku bara, hajui lugha ya watu wanaomzunguka. Anayempokea mlangoni, anayemlisha na kumfundisha kushona, huenda ni mwanamke ambaye mama yake mwenyewe aliwahi kuuzwa. Miaka yote niliyotembeza wageni sijapata jambo la kuwaeleza lenye uzito kuliko hili, ndiyo maana nakasirika kidogo ninapoona kundi linapitishwa mle ndani kwa dakika tano ili liwahi mnarani.

Jambo la pili ninalolisema mapema: Misheni si magofu. Ukitaka magofu nenda Kaole, kwenye mji wa kale, ni karibu. Hapa kuna watu kwao. Mapadre wanaishi, masista wana kazi zao, waumini wana Misa zao katika kanisa kubwa lililojengwa kati ya 1910 na 1914. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Dunda hapa hapa Bagamoyo, nimekua nikiisikia kengele ile sambamba na adhana, na ninaingia pale kama ninavyoingia nyumba ya jirani: kwa hodi. Siku ya kazi asubuhi, Misa ikishakwisha, ndiyo saa nzuri. Jumapili njoo kama unakuja kusali, ukae hadi mwisho, usitembeetembee ukipiga picha. Mabega na magoti yafunikwe. Bagamoyo hata mtaani inapendeza hivyo. Ukikutana na sista, kama u Mkatoliki mwambie "Tumsifu Yesu Kristo", atakuitikia "Milele, amina". Kama si Mkatoliki, "Shikamoo, Sista" inatosha kabisa, na mara nyingi hiyo shikamoo ndiyo inayofungua mazungumzo. Kiingilio cha makumbusho unalipa palepale.

Kuhusu kamera nimejifunza kwa uchungu. Nyuma kidogo ya majengo kuna Pango la Mama Maria, lililojengwa na watu waliokombolewa, mwaka ule ule wa 1876. Siku moja nilifika na kundi, sista mmoja mzee amepiga magoti peke yake. Kabla sijasema neno, mgeni wangu mmoja alimzunguka akasimama mbele yake, akampiga picha usoni. Sista hakugomba. Aliinuka, akakusanya rozari yake, akaondoka. Nilimfuata kumwomba radhi, akanipokea vizuri, lakini sala yake ilikuwa imeshakatika.

Tangu hapo natangulia peke yangu kuangalia kama pangoni kuna mtu, wageni wananisubiri chini ya mbuyu. Kuna cha kuwashughulisha pale: mbuyu uliopandwa mwaka 1868, na ndani ya shina lake kipande cha mnyororo. Wengi huushika kwa huzuni wakidhani ulifunga watumwa. Sivyo. Inavyosimuliwa pale Misheni, bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuja kuhudumia wagonjwa, alikuwa akimfunga punda wake hapo. Mnyororo ukasahauliwa, mti ukaendelea kunenepa na kuumeza. Wapo waongozaji wanaoacha mgeni aamini habari ya watumwa kwa sababu inagusa zaidi. Tafadhalini, tusifanye hivyo. Watu waliofungwa kweli wana nyumba nzima ya kumbukumbu yao, ile ya makumbusho, karibu na hapo.

Pango likiwa wazi tunakaa kimya kidogo, kisha tunakwenda kwenye makaburi ya wamisionari. Nawaomba wageni wasome umri kwenye mawe, kaburi hadi kaburi. Wengi walikufa vijana sana, homa ikiwachukua kabla hawajazoea hata jua la huku. Hapo hakuna anayeniuliza chochote kwa muda.

Tukirudi uwanjani ndipo mmoja hukumbuka kwamba bado hatujaenda kwa Livingstone. Tunakwenda basi. Ni palepale, na dakika kumi zinatosha.