Hita ya maji ikianza kunguruma

Hita inayonguruma bafuni isizoewe. Nafanya kazi ya mabomba na hita hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na wateja wengi hunipigia simu baada ya miezi ya kuvumilia kelele, kwa kuwa maji moto bado yanatoka. Kabla sijatoa hata spana huwa nauliza: mama, inalia vipi, na inaanza kulia wakati gani? Jibu la swali hilo huniokolea nusu ya kazi.

Ikiwa inaanza dakika kadhaa baada ya kuwashwa, kwanza mtutumo mdogo, kisha ngurumo inayokua kadiri maji yanavyopata moto, mara nyingi ni chokaa. Huku kwetu kuna mawe ya chokaa. Ndiyo sababu kiwanda cha saruji kilijengwa hapa. Maji ya kisima cha kuchimba yakipita kwenye mawe hayo huondoka na chokaa bila wewe kuiona. Yakishapashwa moto, hasa kuvuka nyuzi 60, chokaa inaachana na maji. Nyingine inaganda kwenye elementi, ile fimbo ya umeme inayopasha maji, nyingine inatuama chini ya tangi, kama ukoko wa wali sufuriani. Maji yaliyonaswa ndani ya ukoko huo huchemka peke yake, mvuke unafurukuta kutoka, halafu mapovu yanapasuka yakikutana na maji yasiyo moto sana. Kila povu lina kishindo chake kidogo, na yakiwa maelfu ndiyo ngurumo unayoisikia hadi sebuleni. Maji ya Kampala, yanayotoka Ziwa Victoria, yana chokaa kidogo, ndiyo maana jamaa zako wa huko wanaweza kukaa na hita miaka mingi bila kuisikia.

Watu husema ukoko unakula Yaka, yaani umeme wetu wa kulipia kabla. Si hivyo hasa. Elementi ya kilowati 1.5 huvuta kilowati 1.5 ikiwa safi au chafu, na joto lake huishia majini. Kinachoharibika ni elementi yenyewe: inashindwa kutoa joto lake kwa haraka, inaungua ndani kwa ndani, mwishowe ganda lake linapasuka na umeme unagusana na maji. Kama nyumba ina swichi ya kukata umeme unapovuja, itaanguka kila ukiwasha hita. Kama haina, na waya wa ethi umelegea au haupo, utakaokuambia ni mkono wako kwenye bomba la bafu. Ukihisi mtetemo wa umeme hapo, hata mdogo, zima hita kwenye swichi kuu na mtu yeyote asioge mpaka ipimwe.

Kusafisha si kazi ya miujiza. Zima umeme kwenye swichi kuu, hakikisha kwa tesita, acha maji yapoe. Funga maji yanayoingia, fungua bomba la maji moto ili hewa iingie, kisha mwaga tangi kwenye ndoo. Kwanza yanatoka maji safi, na unaweza kudhani hamna kitu. Chini kabisa ndipo inapokuja tope nyeupe na vipande vinavyokwaruza ndoo. Elementi ikitolewa, iloweke kwenye siki au maji ya ndimu mpaka ukoko ulainike. Usiugonge kwa nyundo, utavunja ganda. Hapohapo tazama fimbo ya magnesiamu, kama tangi lako linayo. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi, kwa hiyo ikibaki waya mtupu, badilisha. Weka gasketi mpya, ile raba ya kuziba uvujaji. Na tafadhali, jaza maji kwanza, bomba la maji moto likitiririka bila kukohoa hewa, ndipo uwashe umeme. Elementi ikiwashwa nje ya maji inaungua kwa muda mfupi sana. Hilo hutokea pia maji ya mjini yanapokatika na tangi kujimwaga kurudi kwenye mabomba, kwa kuwa vali ya kuzuia maji kurudi imekufa.

Kishindo kimoja kikubwa ukutani unapofunga bomba hakitoki kwenye hita. Ni maji yaliyosimamishwa ghafla. Funga mabomba imara ukutani, punguza presha.

Kinachonitia hofu ni vali ya usalama iliyozibwa. Hita inapopasha, maji hutanuka: lita 80 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya lita moja, na kwenye hita yenye vali ya kuzuia maji kurudi, ziada hiyo hutokea kwenye vali ya usalama. Ikidondoka wakati wa kupasha, inafanya kazi yake. Ikidondoka mchana na usiku, hata hita ikiwa baridi, kuna uchafu ndani au presha ya maji imezidi, na hayo yanatibika. Lakini nimekuta vali zilizozibwa kwa kijiti, nyingine kwa plagi ya chuma, eti sakafu isilowe. Siku themostati, kifaa kinachokata umeme maji yakishapata moto wa kutosha, itakapokwama, maji yatapita kiwango cha kuchemka, ambacho hapa kwetu, kama mita 1,200 juu ya bahari, ni karibu nyuzi 96. Presha inayazuia kuwa mvuke. Tangi likichanika sehemu yake inageuka mvuke mara moja, na lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Ukuta wa tofali hauzuii kitu hicho.

Kwa hiyo bomba likitema mvuke badala ya maji, usiguse vali wala bomba. Zima swichi kuu, toa watoto upande huo wa nyumba, acha ipoe yenyewe, kisha ita fundi wa kubadilisha themostati.

Maji yakianza kuchuruzika kutoka kwenye bati la nje la tangi, hapo mara nyingi ndani kumetoboka, na ikiwa hivyo hakuna kiraka nitakachokuuzia. Nunua jipya, hakikisha vali ya usalama imo kwenye boksi, na bomba la vali hiyo lishuke hadi mahali unapoliona likidondoka.