Je, wajua kwanini bodi ya Land Rover inatoboka wakati aluminiamu haishiki kutu?

Chukua sumaku ya spika mbovu, nenda kwenye Land Rover ya zamani, zile 109 (yaani inchi 109 toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma) ambazo mpaka leo unaziona zinapanda Kondoa na Mpwapwa na mzigo juu, uibandike ubavuni. Haishiki, inateleza tu chini. Ishushe sasa kwenye chesisi, au kwenye ule ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu ya dereva, inang'ang'ania mpaka uivute kwa nguvu. Yaani gari moja, metali mbili, na jibu la swali letu limejificha hapo zinapogusana.

Mimi kwa miaka mingi nilikuwa nasema bodi ya Land Rover haiozi, ni aluminiamu ile, na hapa Dodoma pakavu, kwahiyo kinachohitajika ni kuosha, kupiga msasa, kupiga rangi, basi. Nilipoachiwa 109 ya marehemu babu, iliyokaa muda mrefu chini ya mkwaju kule Kongwa, nikaivuta mpaka Kizota nyuma ya nyumba nikaanza kuitengeneza mwenyewe jumamosi kwa jumamosi. Kona ya nyuma ilikuwa imelika, nikakata kipande cha bati la chuma nikakiweka kwa ndani, nikafunga bolti mpya za chuma, halafu nikapiga rangi kwa nje upande wa aluminiamu tu, huku ndani nikaacha chuma kitupu kwa sababu hakionekani. Nje ikapendeza kweli. Ikaja mvua ya Desemba, ikaja ya Januari, mpaka Machi rangi ilikuwa imetuna vimalengelenge kama chapati ikiwa kikaangoni, nikachokonoa kimoja na bisibisi, ukamwagika unga mweupe kama unga wa muhogo na chini yake tundu. Hamna wekundu wowote, ni unga mweupe tu.

Nikamwita mzee mmoja fundi bodi, amezichezea hizi gari toka ujana wake. Nikamwamkia, akazunguka gari kimya, akafungua bolti moja, akaangalia bati langu na bodi zilivyolaliana, akasema, "Mjukuu wangu, hizi umezilaza bila mkeka." Nilimwelewa nusu tu siku ile, nusu nyingine nimekuja kuielewa kwa kusoma.

Kosa la kwanza ni hilo neno haishiki kutu. Kutu ni jina la kinachotokea kwa chuma peke yake, ile oksidi nyekundu, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, yenye maji ndani yake. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu kwa sababu haina chuma, ila kuungana na oksijeni inaungana, tena haraka kuliko chuma, ukiikwaruza sasa hivi, kabla hujapepesa jicho ngozi ya oksidi imeshaanza kujifunga. Tofauti ni tabia ya ngozi yenyewe. Ya aluminiamu ni nyembamba mno, nanomita chache, yaani hata ukipanga ngozi elfu kumi hujafika unene wa unywele, lakini imeshikamana na hewa haipiti. Kutu ya chuma inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwahiyo inavimba, inabanduka maganda, chini yake chuma kipya kinabaki wazi na mchezo unaanza upya. Kwahiyo aluminiamu haijanusurika kwa sababu haiguswi, imenusurika kwa sababu imevaa nguo. Na nguo hiyo ina adui zake, chumvi ni mmoja, kostiki soda ya watengeneza sabuni ni mwingine, hiyo inaila aluminiamu mpaka inatoa mapovu ya haidrojeni, usiitumie kabisa kuvua rangi kwenye bodi hizi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilidhani zikikutana aluminiamu na chuma, atakayeumia ni chuma maana ndiye dhaifu. Kumbe ni kinyume chake, anayejitoa ni aluminiamu.

Historia kwa ufupi tu. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, kazi ya Maurice Wilks wa kampuni ya Rover. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao, wakati aluminiamu ya viwanda vya ndege ilikuwepo, hivyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu na magnesiamu ulioitwa Birmabright. Chesisi na ule ukuta wa mbele vikabaki chuma, maana hapo ndipo nguvu ya gari ilipo. Kwahiyo ndoa ya metali mbili imo ndani ya hizi gari toka zinazaliwa.

Sasa ndoa hiyo inaharibikaje? Fikiria simtanki lako liko juu ya mnara, ndoo iko chini, bomba limeunganisha. Maji yanashuka yenyewe, hayasukumwi na mtu, ni tofauti ya urefu tu. Aluminiamu ndiyo simtanki, chuma ndiyo ndoo, maji ni elektroni, vile vichembe vidogo vinavyobeba umeme kwenye waya. Kila metali ina kiwango chake cha utayari wa kuachia elektroni, aluminiamu ni mwepesi kuachia kuliko chuma, na bomba ni pale zinapogusana, bolti, ribiti, au bati kulala juu ya bati.

Lakini ukiziba mfuniko wa simtanki kabisa kabisa, hewa isiingie hata kidogo, maji yatatoka kidogo halafu yatasimama, hata kama bomba liko wazi na ndoo ni tupu. Lazima kitu kiingie juu ndio kitu kitoke chini. Kwenye gari, tundu la hewa ni unyevu. Elektroni zikishaondoka kwenye aluminiamu zinaacha chembe zenye chaji, na chembe hizo zinahitaji maji ya kuogelea, huku upande wa chuma oksijeni iliyomo kwenye maji hayo hayo inazipokea elektroni. Maji yenye chumvi yanapitisha chembe vizuri zaidi, ndio sawa na tundu kubwa la hewa. Pakavu kabisa, metali zinagusana miaka hamsini na hamna kitu. Mfano wa simtanki unaishia hapa, maana simtanki linabaki zima baada ya maji kuisha, ila aluminiamu inayoachia elektroni inayeyuka yenyewe, na ule unga mweupe ndio mabaki yake.

Jaribu nyumbani. Weka nyama yenye chumvi na nyanya kwenye sinia la stili, funika na foili ya aluminiamu iguse nyama na iguse kingo za sinia, acha usiku mzima. Asubuhi unaweza kukuta foili imetoboka vitundu pale ilipogusa mchuzi. Ukibadilisha sinia ukaweka bakuli la udongo au plastiki vitundu hivyo havitokei hivyo, kwa sababu metali ya pili haipo. Mimi nilipokiona nilikaa nakiangalia kile kifoili muda mrefu, ni kona ya gari yangu ile ile.

Na hapa ndio kuna kitu kilichonishangaza kuliko vyote. Mimi nilipaka rangi aluminiamu nikaacha chuma kitupu, nikiamini nalinda kinacholiwa. Ni heri ningefanya kinyume. Chuma kikiwa wazi eneo kubwa kinadai elektroni nyingi, ni ndoo kumi chini ya simtanki moja, halafu rangi kwenye aluminiamu haikosi mkwaruzo, sasa dai lote la zile ndoo kumi linaangukia kwenye kamkwaruzo kamoja kadogo, na hapo lazima patoboke. Kama unapaka upande mmoja tu basi paka chuma. Ila bora pande zote. Kwa sababu hiyo hiyo bolti moja ndogo kwenye bati pana la aluminiamu haina madhara ya haraka, dai ni dogo na limetawanyika, hofu kubwa ni chuma kingi kukutana na aluminiamu kidogo.

Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko magari. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivisha meli HMS Alarm mabati ya shaba kuzuia wadudu wa majini wanaotoboa mbao. Baadae walipoikagua wakakuta misumari ya chuma iliyogusana na shaba imeliwa vibaya, lakini kuna sehemu karatasi ya kaki iliyofungia mabati yale ilikuwa imebaki katikati, na misumari ya hapo ilikuwa mizima. Karatasi tu! Hapo chuma ndiye aliyekuwa mtoaji, maana shaba iko chini zaidi yake. Kwahiyo hamna metali yenye cheo cha kudumu, inategemea imekaa na nani. Zinki inajitoa kwa ajili ya chuma, ndio maana bati la nyumba lenye ngozi ya zinki ukilikata kidogo halikimbilii kushika kutu, na ndio maana ingefaa kile kipande nilichoweka kiwe cha bati la zinki.

Hoja yangu ya ukavu nayo haikusimama. Ni kweli Dodoma mvua ni chini ya milimita 600 kwa wastani wa mwaka, na kuanzia Mei mpaka Novemba ni vumbi tupu. Lakini maji ya visima vingi vya huku yana chumvi unaionja mdomoni, na ndiyo nilikuwa naoshea gari. Ukipita upande wa Bahi wakati wa mvua ule udongo wa mbuga una chumvi pia, unajibana kwenye maungio. Maji yakikauka chumvi haiondoki, inabaki kwenye mwanya ikisubiri umande, tena chumvi inavuta unyevu wa hewani kabla hata hujaona tone. Mwanya mwembamba unashika maji siku nyingi wakati bodi ya nje imekauka dakika kumi.

Kazi ya mara ya pili tuliifanya na yule mzee. Tulitenganisha kila kitu. Chuma tulikipiga brashi ya waya, kikapakwa dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kikasuuzwa, kikakauka, kikapata prima ya zinki pande zote mbili. Aluminiamu ilipata msasa wake peke yake, maana brashi iliyosugua chuma inaacha chembe za chuma ndani ya aluminiamu na kila chembe inakuwa kandoo kadogo kanakojitegemea, halafu prima ya kung'ata ya aluminiamu, ile yenye asidi kidogo ili ishike kwenye metali. Ndipo mkeka, yaani kitu cha kulaza katikati ili metali zisigusane. Mzee alizoea kukata tyubu ya tairi, inasaidia, ila mpira mweusi una kaboni ndani yake na mwingine unapitisha umeme kidogo, kwahiyo tukatumia utepe wa plastiki na silanti (gundi ya kuzibia mianya), kila bolti ikavishwa kipande cha mrija wa plastiki na washa ya plastiki. Kitambaa au ngozi usiweke, vinanyonya maji.

Tukawasha taa za nyuma, hazikuwaka. Umeme wa taa zile ulikuwa unarudi kwa kupitia bodi, na bodi tumeshaitenga na chesisi. Ikabidi tuvute waya wa ethi. Nikamuuliza mzee si tumeziunganisha tena, akasema ndio, ila angalia wapi. Waya tuliufunga juu, pakavu, na grisi kichwani. Bomba limefunguliwa tena lakini mfuniko wa simtanki umezibwa, maana kwenye mwanya wa chini, kunakoingia tope, hakuna maji yanayogusa metali mbili kwa pamoja. Mvua za mwaka huu zilipokwisha nilifungua bolti tatu za kona ile kuangalia, utepe ulikuwa mkavu na hamna unga.