Udongo mkavu usiuamini: vipimo vya msingi kwa fundi sanifu anayejiandaa na mtihani

Wadogo zangu mnaojiandaa na mitihani ya ufundi sanifu, naona wengi mnakariri vipimo kimoja kimoja, unyevu, Atterberg (mipaka ya unyevu ambapo udongo unabadilika tabia), kushindilia, CBR (kipimo cha nguvu ya udongo kubeba mzigo), halafu swali likigeuzwa kidogo tu mnapotea. Mimi kazi yangu ni maabara ya udongo huku Dodoma, na kuna kitu kimoja kikikukaa kichwani vipimo vyote vinashikana: karibu kila kipimo kinauuliza udongo swali lile lile, ukikutana na maji utakuwaje? Huku kwetu swali hilo ni zito sana maana sehemu kubwa ya mwaka ni kavu, mvua inaanza kama Desemba inakata Aprili hivi, na udongo ambao mwezi wa kumi unaupiga sururu inaruka, mwezi wa pili unakumeza buti.

Kwanza sampuli. Barabara moja tu huku inaweza kuanzia kwenye mwinuko wenye udongo mwekundu wa kichanga karibu na majabali, ikashuka bondeni ukakuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa kiangazi. Mtaalamu Geoffrey Milne aliyekuwa kituo cha Amani kule Tanga aliueleza mpangilio huu mwaka 1935, kwamba udongo unabadilika kufuata mteremko, na ukitembea saiti unauona kwa macho. Kwa hiyo shimo moja pale juu halikwambii chochote kuhusu bondeni. Chimba pote udongo unapobadilika, andika kina na rangi kwenye lebo, na sampuli ya unyevu ifunge hapo hapo isipitishe hewa, ukiiacha juani Dodoma hata nusu saa umeshapoteza jibu.

Sasa unyevu. Watu wanaudharau kwa sababu ni rahisi, kupima, kukausha kwenye oveni nyuzi 105 hadi 110, kupima tena. Lakini hapa ndo pa kukaa nao muda mrefu. Chukua mfano huu, kopo tupu gramu 22, kopo na udongo mbichi gramu 79, ukishakauka gramu 72. Maji ni gramu 7, udongo mkavu gramu 50, unyevu ni 7 gawa kwa 50, asilimia 14. Anayegawa kwa udongo mbichi, gramu 57, anapata asilimia 12.3 na anaona tofauti ndogo tu. Haya twende nayo saiti. Tabaka limepimwa densiti ya udongo mbichi ikaja gramu 2.05 kwa sentimita moja ya ujazo, MDD ya maabara, yaani densiti kavu kubwa kuliko zote udongo huo unayofikia ukishindiliwa, ni 1.92, mkataba unataka asilimia 95 ya hiyo MDD. Densiti kavu sahihi ni 2.05 gawa kwa 1.14, ni 1.80, yaani asilimia 93.7, tabaka limefeli. Kwa unyevu wa makosa unagawa kwa 1.123, unapata 1.83, asilimia 95.1, limepita! Rola linaondoka, tabaka lingine linamwagwa juu, na udhaifu unabaki chini huko mpaka mvua ije iutafute. Ndo maana nasisitiza, unyevu siku zote unagawa kwa udongo mkavu.

Atterberg inafuata. Unatumia udongo uliopita chekeche la mikroni 425, na uanike hewani tu usiubanike kwenye oveni, joto linabadilisha tabia ya mfinyanzi. Changanya na maji, funga, uache ulale ili maji yaingie vizuri. Kwa koni inayoachiwa izame kwenye udongo, uzito wake gramu 80 na muda ni sekunde 5, LL (kikomo cha umajimaji) ni unyevu ambapo koni inazama milimita 20. Ukitumia kikombe cha Casagrande, kile kinachogongwa gongwa mpaka mfereji uliochorwa kwenye udongo ujifunge, ni mapigo 25. PL (kikomo cha kufinyangika) unaviringisha kijiti cha udongo mpaka unene wa milimita 3 kianze kukatika. PI, kiwango cha kufinyangika, ni LL toa PL, basi. Ila usiishie kwenye kutoa. LL ikiwa 62 na PL 24, PI ni 38, huo ni udongo unaoweza kubeba maji mengi huku bado unafinyangika, utavimba masika na kusinyaa kiangazi, na nyumba ya chini yenye msingi mfupi juu yake itachanika ukuta kuanzia kona za madirisha. Mtahini akikupa PI kubwa anataka kusikia hilo.

Kushindilia tunarudi kwa Proctor, mhandisi wa Marekani aliyeeleza kipimo hiki mwaka 1933. Nyepesi ni nyundo ya kilo 2.5 inayoanguka milimita 300, tabaka 3, mapigo 27 kila tabaka kwenye moldi ya lita 1. Nzito ni kilo 4.5, milimita 450, tabaka 5, mapigo 27, piga hesabu utaona nishati ni mara 4.5 ya ile nyepesi, kwa hiyo MDD inapanda na OMC, yaani unyevu unaokupa hiyo MDD, inashuka, hilo swali linapendwa sana. Kwetu tatizo ni upande mkavu wa mkunjo wa grafu ya densiti na unyevu, yaani chini ya OMC. Maji ni ghali, boza linatoka mbali, jua na upepo vinayanyonya kabla rola halijafika, na tabaka lililoshindiliwa likiwa kavu kuliko OMC ukilikanyaga ni gumu kabisa, linaonekana zuri, kumbe ndani limeacha matundu ya hewa, siku maji yakiingia linalainika na hata kutitia. Pima unyevu muda rola linapoanza, sio muda boza linapoondoka.

CBR ndo inamaliza swali letu, kwa sababu sampuli unailoweka siku 4 kabla ya kuisukumia pistoni, na humo humo unasoma imevimba kiasi gani. Nguvu ya kulinganisha ni kilonewton (kN) 13.2 pistoni ikizama milimita 2.5 na kN 20 ikizama milimita 5, na CBR ni nguvu uliyopata ikiwa asilimia ya hiyo. Ukipata kN 1.6 na 2.6, CBR ni 12 na 13, unachukua kubwa, 13. Mwongozo wetu wa usanifu wa barabara wa mwaka 1999 unagawa udongo wa chini kuwa S3, S7 na S15, na hizo namba ni CBR ya chini inayotakiwa, kwa hiyo huyu wa 13 ni S7, hata kama zimebaki pointi mbili tu kufika S15.

Mwisho kipimo cha mchanga saiti, kile unachimba shimo kwenye tabaka na kulijaza mchanga ili kujua ujazo wake na kupata densiti, maana wengi wanakosea kwenye mazingira sio kwenye hesabu. Mchanga uwe mkavu na umepimwa upya densiti yake kila unapobadilisha gunia. Na rola likipita karibu wakati mchanga unashuka shimoni, mwambie dereva asimame kwanza, mtetemo unaubana mchanga, unaingia mwingi kuliko kawaida, shimo linaonekana kubwa, densiti inashuka, na tabaka zuri la watu linafukuliwa bure.